Kuandika Maisha ya Mzee Wetu Askari: Mwongozo Kamili kwa Familia za Mtwara na Lindi

Kwenye misiba mingi ya huku Kusini, wasifu wa marehemu huandikwa usiku wa kuamkia maziko. Anaitwa kijana mwenye mwandiko mzuri, anapewa daftari, wazee wawili wanamtajia mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuingia jeshini, mwaka wa kustaafu, idadi ya watoto na wajukuu. Mwisho wanamwambia aongeze kwamba marehemu alikuwa mpole, mcheshi na mpenda watu. Kesho yake inasomwa kwa dakika mbili, imekwisha. Mzee aliyelala kwenye mahandaki ya Kagera, aliyevuka Ruvuma na bunduki begani, aliyewaamsha majirani kwa adhana ya alfajiri mpaka sauti ikamkauka, anazikwa na sentensi ambazo zingemfaa mtu yeyote.

Inaniuma kila nikiisikia, kwa sababu kazi hii inawezekana, na haihitaji msomi wala fedha nyingi. Ninachosisitiza ni kimoja: andika alichokifanya, alikifanyia wapi, na nani alikishuhudia. Sifa utazipata humo humo bila kuzitaja.

Usijaribu kumaliza yote kabla ya maziko. Siku hiyo yasomwe maneno machache ya kweli, na wasifu kamili uwe tayari kwenye arobaini. Wiki za msiba ndizo wiki pekee ambapo watu waliomjua marehemu tangu utoto, tangu jeshini na tangu msikitini au kanisani wanakaa mkeka mmoja. Na kama mzee wenu bado anavuta pumzi, anzeni naye mwenyewe wiki hii.

HATUA YA 1: RUHUSA NA MWANDISHI MMOJA

Chagueni mtu mmoja wa kuandika. Wengine wote wampelekee yeye. Wakiandika watatu, mtapata wasifu tatu na ugomvi mmoja.

Mwandishi aanze kwa mjane, kisha watoto wakubwa, kisha upande wa mama wa marehemu. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo unafuata upande huo, kwa hiyo dada zake na wapwa zake wana neno juu yake, na mara nyingi ndio wanaoijua sehemu ya maisha yake ambayo watoto hawakuiona. Mjane wa Kiislamu akiwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, mwandishi mwanamume asiye maharimu wake asiende kumkalia na maswali. Atume binti au wifi, ampe maswali yaliyoandikwa, arekodiwe kwa ridhaa yake.

Mapema kabisa, muulizeni imamu, padri au mchungaji wenu. Wapo masheikh wanaosoma hitima ya arobaini na kuruhusu wasifu baada ya dua, na wapo wasioikubali shughuli hiyo kabisa. Makanisa mengine husoma wasifu kabla ya ibada, mengine makaburini. Mkilijua hilo siku ya kwanza hamtaumbuka siku ya arobaini. Familia isiyofanya arobaini inaweza kuisoma siku yoyote nyumbani, wajukuu wakiwa wamekaa.

HATUA YA 2: SANDUKU

Karibu kila mzee askari ana sanduku la bati au begi la kijani ambalo watoto walikatazwa kuligusa. Lifungueni mbele ya watu wasiopungua watatu wa familia, mchana, na kila kitakachotoka kipigwe picha kwa simu kabla hakijahamishwa. Ninasema kabla kwa sababu mirathi ikianza, vyeti halisi huondoka nyumbani: kimoja kinakwenda Mahakama ya Mwanzo, kingine kwenye mafao, kingine anabaki nacho msimamizi wa mirathi, na baada ya mwaka hakuna anayejua kiko wapi.

Tafuteni cheti cha kustaafu au kuachishwa jeshi, barua za pensheni, barua za kupandishwa cheo, vyeti vya kozi, pasipoti, cheti cha ubatizo au cha madrasa, kadi ya chama, barua za ndugu, na nishani. Mezani karibu na dirisha panatosha, bila flashi, karatasi imelala, mbele na nyuma. Nyuma ndiyo yenye hazina. Picha moja niliyopewa kuishika kule Mikindani ilikuwa ya vijana wanne wenye kofia za chuma, wamesimama mbele ya lori, hakuna aliyeweza kusema ni wapi. Tulipoigeuza tukakuta kalamu ya risasi, imefifia: "Masaka, mwezi wa 3/79", na majina matatu ya kwanza. Kwa maandishi hayo tu ikajulikana alikuwa upande gani wa vita, na nani wa kwenda kuulizwa.

Namba yake ya jeshi, ambayo kwa askari huanza na herufi MT, iandikwe kwenye daftari la familia, maana ndiyo itakayowasaidia mkiulizia kumbukumbu zake. Isichapwe kwenye kijitabu wala kurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Hivyo hivyo barua za pensheni. Matapeli wa mafao wanapenda sana familia zenye msiba.

Magwanda yana taratibu zake. Raia haruhusiwi kumiliki wala kuvaa sare ya jeshi, na mwaka 2023 JWTZ ilitangaza wazi kwamba raia wenye mavazi hayo wayasalimishe. Mjukuu asivalishwe kombati ya babu ili apigwe picha ya arobaini, hata kama nia ni nzuri. Nendeni kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya, ambaye ni ofisa wa jeshi, mumweleze mlichokikuta. Atawaelekeza, na pengine yeye ndiye atakayewaunganisha na wastaafu wenzake wa wilaya hiyo.

HATUA YA 3: MSTARI WA MAISHA

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, msiiharakishe.

Chukua daftari kubwa, gawa ukurasa safu mbili. Kushoto maisha ya mzee, kulia mambo ya nchi. Wazee wetu wengi hawakushika tarehe, lakini wanakumbuka nini kilikuwa kinatokea. Aliyeambiwa na mama yake kwamba alizaliwa mwaka wa kimbunga, kwa mtu wa Lindi hicho ni kimbunga cha Aprili 1952. Aliyekuwa anachunga mbuzi wakati Waingereza wanafyeka pori la Nachingwea kwa ajili ya karanga, huyo anazungumzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Jando nayo ni kalenda nzuri: uliza aliingia jandoni na nani, kisha umtafute mwenzake mwenye cheti. Kwa Wakristo, ulizieni vitabu vya ubatizo kwenye parokia alikobatizwa. Masasi ina misheni tangu 1876 na Ndanda tangu 1906, na huko padri alikuwa akiandika tarehe hata pale wazazi wenyewe hawakuandika.

Kwa upande wa jeshi, safu ya kulia iwe na tarehe hizi. Tanganyika Rifles, jeshi lililokuwepo kabla ya JWTZ, walifanya maasi Januari 1964, na JWTZ ikaanzishwa tarehe 1 Septemba mwaka huo huo. Kwa hiyo mzee anayesema "niliingia tukiwa bado Rifles" ameingia kabla ya hapo. JKT ilianza tarehe 10 Julai 1963. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walianza vita dhidi ya Wareno tarehe 25 Septemba 1964, na Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Katika miaka hiyo Nachingwea ilikuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo, na vijiji vya kando ya Ruvuma vilionja mabomu ya Wareno. Mzee aliyekuwa mpakani wakati huo hakusafiri mbali, lakini alikuwa vitani.

Kagera nayo: majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akatoa tamko la kumpiga tarehe 2 Novemba, Masaka na Mbarara zikachukuliwa Februari 1979, Kampala tarehe 11 Aprili, na mapigano yakaisha mwanzoni mwa Juni. Baadhi ya askari wetu walibaki Uganda mpaka 1981. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wengine walikwenda tena Msumbiji, hasa Zambezia, kuisaidia serikali ya huko dhidi ya waasi wa RENAMO. Wastaafu wenye umri mdogo kidogo watakuwa na Komoro ya Machi 2008, Darfur, Lebanoni, au Kongo kuanzia 2013.

Msisahau kwamba Kagera walikwenda pia mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT. Mzee anaweza kuwa alipigana kweli na asiwe na karatasi hata moja ya JWTZ. Kukosekana kwa karatasi hakumfanyi kuwa mwongo.

Mzee mcha Mungu ana kalenda ya tatu, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ibada haisahauliki. Iddi ya kuchinja ya mwaka 1978 iliangukia karibu na tarehe 10 Novemba, wiki moja tu baada ya tamko la Mwalimu. Kwa hiyo aliyesema "Iddi ilinikuta njiani kwenda Kagera" ametupa tarehe bila kujua. Pasaka ya 1979 ilikuwa tarehe 15 Aprili, siku nne baada ya Kampala kuanguka. Ramadhani ya 1979 ilianza mwishoni mwa Julai, vita vimekwisha. Ukisikia kwamba alifunga Ramadhani akiwa Uganda, basi alikuwa miongoni mwa waliobaki kulinda amani. Na ukiambiwa alifungua saumu njiani wanaielekea Kampala, tarehe hazikubali iwe Ramadhani, ingawa inaweza kuwa saumu ya sunna au nadhiri. Usimkatalie msimulizi. Rudi kwake siku nyingine, muulize kilikuwa chakula gani na walikuwa wapi, jibu litakuja lenyewe.

HATUA YA 4: MASHAHIDI

Aliyekuwa na umri wa miaka 22 mwaka 1978 sasa anakaribia au amevuka 70. Wa miaka ya kwanza ya vita vya FRELIMO wamefika au wamevuka 80. Waanze wao, watoto wa marehemu watasubiri.

Waulize viongozi wa chama cha wastaafu wilayani, muulize Mshauri wa Mgambo, na kaa mlangoni siku ya maziko uone nani amefika akasimama wima mbele ya jeneza au kaburi. Huyo mchukulie namba ya simu hapo hapo. Ukienda kwake, nenda asubuhi, na usianze na vita.

"Shikamoo afande."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo wewe wa yule mzee?"

"Ndiyo mimi mjukuu wake. Nimekuja unisimulie mlivyokuwa mkiishi naye kambini. Kitanda chake kilikuwa wapi?"

Swali la kitanda linafungua mlango kuliko swali la "ulimfahamuje marehemu". Ukiuliza mahali, mtu anaona. Ukiuliza tabia, mtu anatoa sifa. Endelea hivyo: nani alipika, maji yalitoka wapi, marehemu alikuwa anabeba nini kwenye begi, kombania yao iliitwaje na majina ya wenzao, barua kutoka nyumbani zilichukua muda gani, alimcheka nani, aligombana na nani. Rekodi kwa simu baada ya kuomba, na taja mwanzoni jina la msimulizi, mahali na tarehe. Akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, zima simu mpaka mwenyewe aseme uwashe.

Safari zake uziulizie njia, maana orodha ya nchi haisemi lolote. Askari wa Newala aliyepangwa Kagera alikuwa anakaa ncha moja ya nchi na nyumbani kwake ni ncha nyingine. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye Rufiji mwaka 2003, kuvuka kulikuwa kwa pantoni, na masika barabara ya Kibiti hadi Lindi ilikuwa ya kuombewa dua. Likizo yake ilianza kwa meli ya ziwa kutoka Bukoba hadi Mwanza, kisha treni ya kati hadi Dar es Salaam, ndipo aanze kutafuta namna ya kufika Kusini. Muulize mjane: alifika saa ngapi, alikuja na nini mkononi, alikaa siku ngapi? Mama mmoja alinijibu bila kufikiri: "Alikuja na sukari na kitenge, na viatu vyake alivivulia nje kwa sababu miguu ilikuwa imevimba." Sentensi hiyo imebeba utumishi mzima.

HATUA YA 5: IBADA YAKE

"Alikuwa mcha Mungu" ni sentensi ya kila msiba. Ya kwake ilikuwa ipi?

Tafuta aliyemfundisha, chuoni kwa maalimu gani au kwa katekista gani. Uliza alisalije kambini: nani alikuwa akiwaongoza, kibla walikijuaje porini, Jumapili isiyo na padri ilipitaje. Lindi na Mtwara zina mizizi mirefu ya twarika, yaani njia za kisufi, za Kadiria na Shadhilia. Kama alikuwa mtu wa zikri, tafuta alichukua kwa sheikh yupi, na uradi wake aliusoma saa ngapi. Kama alikuwa mzee wa kanisa, tafuta tenzi aliyoianzisha yeye kila mara hata kama si zamu yake. Kama alikwenda hija, pasipoti ina muhuri, na wenzake wa kundi wanakumbuka alivyokuwa anawashika mikono wazee kwenye msongamano, au alivyopotea Mina.

Kisha uliza alichofanya baada ya kustaafu, maana huko ndiko ibada inakoonekana mtaani. Nani alikuwa anachimba makaburi naye? Kisima cha msikiti nani alikuwa anasafisha? Ada ya shule ya mtoto wa jirani nani alilipa? Hili la sadaka lina adabu yake. Kama alitoa kwa siri, mwombe aliyepewa ruhusa ya kulisema, na liandikwe bila jina la mpokeaji.

Jambo ninalolitafuta zaidi ni pale askari na mcha Mungu wanapokutana ndani ya mtu mmoja. Alisali nini kabla ya kwenda mstari wa mbele? Aliwazika wenzake vipi, kwa dini gani, nani alishika koleo? Aliporudi, nani alimsomea? Wazee wengine baada ya vita hawakuchinja tena hata kuku, wakawaachia wengine. Watoto waliona ni uvivu. Ukiipata habari ya namna hiyo, usiipambe, iandike kama ilivyo.

HATUA YA 6: MAMBO MAZITO

Mzee aliyesafiri sana anaweza kuwa ameacha mtoto Bukoba, Tabora, Masaka au Quelimane. Mara nyingi habari hizo hufumuka msibani. Mwandishi si hakimu. Jambo hilo lipelekwe kwa wakubwa wa familia kabla ya kuchapwa, na mpaka waamue, kijitabu kisitaje idadi ya watoto. Kuandika "ameacha watoto saba" wakati wapo tisa ni kumfuta mtu hadharani, na atausoma.

Nani aliuawa na marehemu vitani, kwa namna gani, mahali gani: kama yeye mwenyewe hakusimulia kwa hiari, usimchimbe mwenzake akusimulie. Mipango ya jeshi, picha za ndani ya kambi na silaha zilizopo leo visiingie kabisa. Ulevi wa miaka fulani, ukali, ndoa zilizovunjika: dini zetu zinatufundisha kutaja mema ya maiti, na ninalifuata hilo, ila sipindishi. Unaweza kukaa kimya juu ya jambo. Huwezi kuandika kinyume chake. Mjane aliyepigwa akisikia inasomwa kwamba marehemu hakuwahi kuinua mkono, hatasadiki neno lingine lolote mle ndani, na atakuwa na haki.

HATUA YA 7: KUANDIKA

Andika nakala mbili. Ya kusoma iwe kurasa mbili, dakika saba au nane. Ya kuhifadhi iwe ndefu utakavyo.

Tazama tofauti, mfano nimeubuni:

"Marehemu alilitumikia taifa kwa uzalendo mkubwa na alishiriki Vita vya Kagera. Alikuwa mcha Mungu na mwenye upendo kwa wote."

"Februari 1979 aliingia Masaka akiwa koplo. Mwenzake wa platuni anasema marehemu alibeba msahafu mdogo ndani ya kopo la maziwa ili usilowane. Aliporudi Mtama aliendelea kuutumia huo huo, na kopo bado liko dirishani kwa bibi."

Ya pili haina sifa hata moja, na kila aliyepo atamwona mzee. Anza na kazi au mahali, mwaka wa kuzaliwa utakuja. Tumia vyeo alivyokuwa navyo wakati huo, usimwite sajinitaji kwenye tukio la ukoplo. Palipo na shaka andika "kwa kumbukumbu ya mjane wake" au "wenzake wanasema". Pengo liache pengo. Usikope tukio la mtu mwingine ulilolisikia redioni ukamvisha babu yako.

Kabla ya kuchapa, soma kwa sauti mbele ya mjane, mzee mmoja wa ukoo na askari mwenzake. Watatu hawa watasahihisha mambo matatu tofauti kabisa.

HATUA YA 8: KUHIFADHI

Kijitabu cha kurasa 16 kilichobanwa kwa stepla kinatengenezwa steshenari yoyote ya Mtwara mjini, Masasi au Lindi. Weka picha moja ya ujana, moja ya uzee, na picha ya mwandiko wake. Sauti na picha zote ziwe sehemu tatu: kwenye flashi anayoshika mjane, kwenye barua pepe ya familia, na kwa ndugu anayeishi mkoa mwingine. Simu iliyopasuka kioo imeshameza historia nyingi za wazee wetu. Nakala moja ipelekwe kwenye maktaba ya mkoa, moja msikitini au parokiani, moja shule ya msingi aliyosoma, ikiwa familia imekubali.

Kila mwaka tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa. Familia za Mtwara zinaweza kuwapeleka watoto Naliendele, walikozikwa askari wetu waliofia upande wa Msumbiji. Wa Kagera wana makaburi yao Kaboya, Muleba. Kama babu yenu alikuwa akitaja jina la rafiki aliyebaki vitani, tafuteni jina hilo, na likipatikana liongezeni kwenye kijitabu pamoja na mahali alipolala.

Kwenye nakala za arobaini, acheni kurasa mbili tupu mwishoni na kalamu ifungwe kwa uzi. Wageni wakishakula watasoma, watabishana, watakumbuka, wataandika. Zikusanyeni nakala hizo kabla magari ya Tandahimba na Nachingwea hayajaondoka.